Kiangazi Kimefika: Mwongozo Kamili wa Sikukuu na Kanuni za Kijiji kwa Waswahili wa Pembezoni mwa Chicago

Kiangazi cha Illinois ni kifupi, na wenyeji hawakichezei. Kinafunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Mei kwa Memorial Day, siku ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, na kinafungwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba kwa Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi. Katikati kuna Juneteenth tarehe 19 Juni, iliyofanywa sikukuu ya taifa mwaka 2021, halafu ile kubwa kuliko zote, tarehe 4 Julai, siku ya uhuru. Mwaka 2026 uhuru huo unatimiza miaka 250, kwa hiyo tegemea mbwembwe zaidi ya kawaida.

Mwongozo huu ni kwa wanaoishi kwenye vijiji vinavyolizunguka jiji: Skokie, Oak Park, Schaumburg, Arlington Heights, Glen Ellyn, Carol Stream na wenzao. Wengi wetu tumezoea sikukuu ya serikali inayopangwa kutoka juu, rais anahutubia uwanjani na sisi tunasikiliza redioni. Hapa sikukuu ni mali ya kijiji. Kijiji ndicho kinachopanga gwaride, kufunga barabara, kuleta fataki na kuandika faini. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila jambo humu ni lile lile: kijiji changu kinasemaje?

Saa zote nimeandika kwa hesabu yetu. Tangazo likisema 10 AM, hapa utasoma saa nne asubuhi.

Hatua ya kwanza: jua uko chini ya serikali ipi

Kijiji cha Illinois si mashamba na mbuzi. Ni serikali ya mtaa iliyokamilika, yenye rais wake, wajumbe sita wa baraza, karani, na mara nyingi polisi na zimamoto wake. Vijiji viwili vinaweza kupakana katikati ya barabara moja, na kinachoruhusiwa upande wa kushoto kikawa na faini upande wa kulia. Kwa hiyo jirani wa ng'ambo si mtu wa kumuuliza sheria, hata awe mwema namna gani.

Usitegemee anwani ya posta pia. Barua zako zinaweza kuandikwa jina la kijiji fulani wakati nyumba yako kisheria iko kijiji kingine, au iko eneo lisilo chini ya kijiji chochote bali chini ya kaunti, ambako anayekuja ukipiga simu ni sherifu. Tazama bili ya maji imetoka wapi, au piga simu ofisi ya kijiji uwatajie namba ya nyumba na mtaa. Watakujibu palepale.

Jambo la pili linalowachanganya wageni: bustani na bwawa la kuogelea la umma mara nyingi si la kijiji. Ni la park district, ambayo ni serikali nyingine yenye baraza lake na kodi yake. Maktaba nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. Illinois inaongoza Marekani yote kwa wingi wa serikali ndogo za aina hii. Matokeo yake ni kwamba gwaride linaweza kuwa la kijiji, na fataki za usiku wa siku hiyohiyo zikawa za park district. Ukiuliza ofisi moja habari za nyingine utaambiwa hawajui, na kweli hawajui.

Ukishajua, jiandikishe kupokea taarifa zao kwa barua pepe na ujumbe wa simu. Ukipiga simu na Kiingereza kikakupa shida, sema maneno mawili tu: "Swahili interpreter". Ofisi nyingi za umma zina mkataba na wakalimani wa simu, na 911, namba ya dharura, pia. Usimtumie mtoto wa miaka tisa kukutafsiria mambo ya faini.

Fataki: hapa ndipo watu wetu wanapoponzeka

Sheria ya jimbo la Illinois inamkataza mtu wa kawaida asiye na kibali kumiliki au kulipua fataki zinazopaa na zinazolipuka: baruti za mkanda, roketi za chupa, mishumaa ya kurusha mipira ya moto. Tatizo ni kwamba ukiendesha gari hadi Indiana, ng'ambo tu ya mpaka, unakuta maduka makubwa yanaziuza kihalali kabisa, na mabango yao unayaona ukiwa bado barabarani. Risiti ya Indiana haikulindi Illinois. Kosa hili linahesabiwa Class A misdemeanor, ambalo adhabu yake inaweza kufika dola 2,500 na kifungo kisichofika mwaka mmoja. Kijiji kinaweza kuwa na faini yake mwenyewe.

Kwa raia mzaliwa huenda likaishia kwenye faini. Kwa mtu mwenye green card anayesubiri uraia, ni habari nyingine, kwa sababu fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na itabidi ujieleze. Roketi ya dola tano haistahili usumbufu huo.

Vijiti vya cheche wanavyoshika watoto mkononi vinaruhusiwa na sheria ya jimbo, lakini kijiji kina haki ya kuvipiga marufuku, na vingine vimefanya hivyo. Kama kwako ruksa, kumbuka kwamba ncha ya kile kijiti hufika nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi, joto la kuyeyusha baadhi ya metali. Mtoto avae viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Mpe kimoja kimoja, asikishike akiwa amebebwa, na weka ndoo ya maji karibu. Kijiti kikizimika kitumbukize ndani ya ndoo. Waya unabaki na moto muda mrefu baada ya cheche kuisha, na vidole vingi huungua dakika hiyo.

Njia nzuri ni kwenda kuangalia fataki za wenye kibali. Jua la Julai huzama kama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo fataki nyingi huanza baada ya saa tatu. Nenda mapema, beba jaketi hata kama mchana kulikuwa na joto kali, na dawa ya mbu. Egesha gari mbali kidogo, upande wa kutokea. Anayeegesha mlangoni pa uwanja ndiye anayefika nyumbani saa sita.

Sasa kuna jambo ambalo vipeperushi vya kijiji hugusia kwa mstari mmoja au hawaligusi. Baadhi ya ndugu zetu, hasa waliotoka Congo mashariki kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania, wameshasikia milipuko ya kweli. Usiku wa tarehe 4 milio hutoka pande zote, na haiishi usiku mmoja. Huanza siku kadhaa kabla na kuendelea baada, kwa sababu si kila jirani anaheshimu sheria niliyoitaja. Kama nyumbani kuna mzee au mtoto wa aina hiyo, mwambie mapema, mchana, ukiwa umekaa naye: itakuwa siku hii, saa hizi, ni sherehe. Usiku ukifika fungeni madirisha, washeni feni na televisheni, na mtu mmoja akae naye. Mwonyeshe fataki kwenye simu kabla ili sauti ipate sura. Na kama unahisi kabisa kwamba ulichosikia ni risasi, piga 911. Hakuna atakayekulaumu kwa kukosea.

Mbwa pia hukimbia usiku huo. Mfungie ndani, na hakikisha kola yake ina namba yako ya simu.

Gwaride la asubuhi

Kuanzia jioni ya tarehe 3 utaona viti vya kukunja na mablanketi yamepangwa kando ya barabara kuu, bila mtu. Hayajasahauliwa. Ni nafasi za watu, na desturi ni kutoyagusa. Nawe weka chako, ila soma tangazo kwanza, maana vijiji vingine vinapanga saa ambayo viti vinaruhusiwa kuanza kuwekwa na kabla ya hapo vinaondolewa.

Gwaride huanza na magari ya polisi na zimamoto, ving'ora vikilia kwa nguvu. Mtoto mchanga azibwe masikio. Wanafuata maveterani na bendera. Hapo watu wanasimama na wanaume wanavua kofia. Hulazimishwi, lakini ukikaa peke yako utaonekana. Baadaye zinapita bendi za shule, vikundi vya makanisa, wazee wa Shriners, chama cha hisani, wenye kofia nyekundu wakizungusha vigari vidogo kuliko miili yao, na wanasiasa. Kila mwanasiasa wa eneo hupita siku hiyo. Ukitaka kumsalimia mjumbe wa baraza la kijiji uso kwa uso bila miadi, hakuna siku bora.

Washiriki wengi hugawa pipi, na watoto huja na mifuko. Kanuni ni moja: mtoto haokoti pipi iliyoangukia barabarani magari yakiwa yanapita. Mweke mbele ya miguu yako, si mbele ya kamba.

Tangu Julai 4, 2022, magwaride haya yamebadilika. Siku hiyo mtu mwenye bunduki aliwapiga risasi watu waliokuwa wakitazama gwaride la Highland Park, kaskazini mwa Chicago. Watu 7 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Usishangae ukikuta malori yamezuia njia za kuingilia, askari juu ya paa, au tangazo la kukataza mabegi ya mgongoni. Ukifika, tazama njia mbili za kutokea, na mwelewane kama familia mtakutana wapi mkipotezana. Nepi na chupa za mtoto zipelekwe kwenye mfuko unaoonyesha ndani.

Na gari: barabara za gwaride hufungwa mapema asubuhi. Kama una zamu hospitalini au kiwandani siku hiyo, hamisha gari usiku kwenda upande wa pili wa njia ya gwaride. Lililoachwa kwenye mtaa uliobandikwa alama za kukataza huvutwa, na kulikomboa ni ghali kuliko faini yenyewe.

Kufunga mtaa kwa sherehe ya majirani

Hii naipenda kuliko gwaride. Block party ni majirani wa mtaa mmoja kufunga barabara yao, kutoa meza nje na kula pamoja. Anayetaka kuiandaa anafuata njia hii.

Omba fomu ofisi ya kijiji wiki kadhaa kabla. Mwezi mmoja ni salama. Pita nyumba kwa nyumba kukusanya saini za wakazi wa mtaa, kwa kuwa vijiji vingi vinataka wengi wao wakubali. Tumia safari hiyo kujitambulisha. Mtu aliyekukwepa mwaka mzima atakuuliza sambusa zinapikwaje. Mtaa wenye basi au wa kupita magari ya wagonjwa haukubaliwi. Kibali kikitoka, kijiji hutoa vizuizi vya barabara, na ukiomba, zimamoto wanaweza kuleta gari lao watoto walipande.

Chakula ni kila nyumba na sahani yake. Pilau huisha kwanza, jiandae. Andika kikaratasi cha viungo ukitaja karanga na nyama uliyotumia, kwa sababu wenye mzio na wasiokula nguruwe wako wengi. Acha nafasi katikati ya barabara ya gari la zimamoto kupita, wala usiweke hema juu yake. Hema likienda kwenye nyasi na linahitaji vigingi virefu, piga simu 811 angalau siku tatu za kazi kabla. Huduma hiyo inaitwa JULIE, ni bure, na watakuja kuchora rangi mahali pa mabomba ya gesi na nyaya.

Nyama choma, muziki, na biashara ndogo

Jiko la mkaa au la gesi likae kama futi 10 kutoka ukutani. Kwenye fleti, roshani yenye jiko la mkaa karibu kila mahali ni marufuku. Soma mkataba wa pango kabla ya kununua jiko. Majivu yanakaa na moto hadi kesho yake, kwa hiyo yamwagie maji na usiyatupe kwenye pipa la plastiki jioni hiyo. Kuchinja mbuzi uani sahau. Tafuta machinjio ya halali yenye leseni, wakuchinjie na kukukatia.

Muziki hadi saa nne usiku ndiyo kawaida ya vijiji vingi, na spika zetu tunazijua. Pombe ni kuanzia miaka 21, na hata nyumbani kwako, mzazi anayewaachia vijana wa watu wanywe kwenye sherehe yake anaweza kushtakiwa yeye. Bangi ni halali Illinois tangu Januari 1, 2020 kwa wenye miaka 21, lakini si kwenye bustani wala barabarani. Asiye raia aiache kabisa, kwa sababu sheria ya taifa bado inaihesabu kosa na uhamiaji hufuata sheria ya taifa.

Kijana aliye chini ya miaka 17 asiwe nje peke yake baada ya saa tano usiku Jumapili hadi Alhamisi, au baada ya saa sita usiku Ijumaa na Jumamosi. Hiyo ni ya jimbo zima. Kijiji kinaweza kukaza zaidi.

Akina mama wanaotaka kuuza kwenye tamasha: mandazi na keki zilizopikwa nyumbani zinaweza kuuzwa kwa kujiandikisha idara ya afya ya eneo lako, ada isiyozidi dola 50 kwa mwaka, pamoja na cheti cha usalama wa chakula. Sambusa za nyama haziingii humo. Hizo zinahitaji jiko lenye leseni na kibali cha muda. Nafasi za meza kwenye matamasha hujaa miezi kabla, kwa hiyo ulizia mwishoni mwa baridi.

Meza ya kura: kama si raia, usisaini

Kwenye kila tamasha utakuta watu wachangamfu wenye ubao na kalamu wakikuuliza kama umejiandikisha kupiga kura. Wanafanya kazi njema, lakini hawajui hadhi yako. Mkimbizi, mwenye green card, mwanafunzi: hakuna kati yenu anayeruhusiwa kupiga kura kwenye uchaguzi wa taifa wala wa jimbo, na kujiandikisha kwa kudai wewe ni raia kunaweza kukufungia mlango wa uraia, hata kama ulidhani unasaini kitu kingine. Jibu kwa upole, "I'm not a citizen yet," uendelee na safari. Kuwa macho vilevile unapochukua leseni ya udereva. Kama fomu inauliza kuhusu kura, soma kabla ya kuweka alama.

Aliyekwisha kuapa uraia ajiandikishe siku hiyohiyo. Uchaguzi wa rais wa kijiji na wajumbe wake hufanyika Aprili ya miaka ya namba witiri, watu wachache hujitokeza, na kura chache huamua.

Kanuni za kila wiki zinazosahaulika kwa sababu ya sherehe

Taka: sikukuu ikiangukia siku ya kazi, kwa kawaida magari ya taka huchelewa siku moja kwa siku zilizobaki za wiki. Mwaka 2026 tarehe 4 Julai ni Jumamosi, kwa hiyo ratiba ya wiki hiyo huenda isiguswe, ila ofisi za serikali kuu hufungwa Ijumaa tarehe 3. Maji: vijiji vinavyotumia maji ya Ziwa Michigan vina vizuizi vya kumwagilia nyasi kuanzia 15 Mei hadi 15 Septemba, mara nyingi kwa kufuata kama namba ya nyumba ni shufwa au witiri. Nyasi zikipita inchi 8 hivi utaandikiwa barua. Usipoijibu kijiji huzikata wenyewe na kukutumia bili. Kuegesha barabarani usiku pia kuna sheria zake. Oak Park, kwa mfano, wanajulikana kwa kukataza kuanzia saa nane na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mgeni wako anayelala aombewe ruhusa.

Mbu wa hapa hawana malaria, lakini wanabeba virusi vya West Nile, vilivyowafikia watu wa Illinois mwaka 2002. Mwaga maji yaliyotuama kila wiki: sahani za maua, matairi, mifereji ya paa, na kile kibwawa cha plastiki cha watoto. Bwawa lenye kina cha zaidi ya inchi 24 mara nyingi linahitaji uzio na kibali.

King'ora kikubwa kikilia saa nne asubuhi Jumanne ya kwanza ya mwezi, ni majaribio. Kikilia wakati mwingine wowote, chukulia ni kimbunga: teremkeni kwenye chumba cha chini ya ardhi, au chumba cha katikati kisicho na dirisha. Na joto lisidharauliwe na sisi tuliotoka nchi za joto. Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700 Chicago, wengi wazee waliokuwa peke yao ndani. Mpigie simu mzee wako mara mbili kwa siku, na kama hana kiyoyozi mpeleke maktaba, ambako pia watoto wana programu za kiangazi za bure.

Tarehe 5 asubuhi, na mwaka ujao

Okota mabaki ya fataki uani kabla watoto hawajaamka. Ambayo haikulipuka usiiwashe tena. Ilowekwe majini usiku kucha, kisha ifungwe kwenye mfuko.

Ukitaka kundi lenu, la ngoma, la kwaya au la mpira, liandamane mwakani, fomu za gwaride hutoka majira ya kuchipua, na mara nyingi zinadai bima na orodha ya magari. Kama kuna kilichowakera, iwe barabara iliyofungwa bila taarifa au fataki za saa nane usiku, nendeni kwenye mkutano wa baraza la kijiji. Uko wazi kwa kila mtu, raia na asiye raia. Ajenda lazima ibandikwe angalau saa 48 kabla, na sheria ya Illinois inampa mwananchi nafasi ya kusema. Kwa kawaida ni dakika tatu, kwa hiyo andika maneno yako kabla ya kwenda.